Bawaba ya Taya

Nimekuja mbele yenu na taya la mbuzi. Ni taya la kawaida kabisa. Nyama yake ililiwa nyumbani kwangu katika supu ya kichwa, kisha mfupa ukachemshwa tena na kuanikwa juani. Nitalipitisha mstari kwa mstari, na namwomba kila atakayelishika aliangalie mahali ambapo watu hawana desturi ya kupaangalia. Aache meno kwanza. Aende nyuma kabisa, juu, kwenye kile kifundo kidogo ambacho taya huning'inia kwacho kwenye fuvu. Hiyo ndiyo bawaba. Mlango uwe wa mninga au wa bati, bawaba ndiyo inayoamua utafunguka upande gani na kwa upana gani. Taya nalo ni hivyo hivyo.

Wakati linazunguka, naomba jambo jingine. Weka vidole viwili kwenye panja, kati ya jicho na sikio, uume meno kwa nguvu. Kinachovimba chini ya vidole ni msuli. Shusha vidole hadi pembe ya taya, chini ya sikio, uume tena: pana mwingine. Ipo na mingine kwa ndani ambayo vidole haviifikii. Hiyo ndiyo inayovunja muwa. Mnyama akifa, misuli hiyo huoza mapema, lakini pale iliposhika mfupa hubaki tuta, au bonde, au mkwaruzo wa kano. Aliyezoea kusoma alama hizo huushika mfupa wa mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita akasema: msuli ulianzia hapa, ukaishia pale, ukavuta kuelekea huku.

Sasa niweke neno langu la leo, maana nimelisikia likivurugwa mara nyingi, hata na watu wa fani yangu. Mfupa hutuambia mdomo uliweza kufanya nini. Mnyama alikula nini ni swali la pili, na kati ya maswali hayo mawili pana mto. Kuuvuka kunahitaji ushahidi wa namna nyingine: mikwaruzo juu ya meno, mavi yaliyogeuka jiwe, alama za meno kwenye mfupa wa mnyama mwingine, majani yaliyozikwa katika tabaka lile lile. Kiboko ana chonge zinazoweza kumkata mtu vipande viwili, na jua likizama hutoka mtoni kwenda kula nyasi. Laiti tungemjua kiboko kwa chonge zake tu, tungemwandika katika vitabu vyetu kuwa mwindaji wa kutisha.

Twende kwenye wenzo. Ukitaka kukata kitu kigumu kwa mkasi, hukiweki kwenye ncha. Unakisukuma ndani, karibu na msumari unaoshika pande mbili. Hakuna aliyekufundisha, mkono umejifunza wenyewe. Mtoto naye akipata mfupa wa kuku huupeleka kwenye magego bila kuambiwa. Taya ni wenzo. Egemeo lake ni bawaba, jitihada ni msuli, mzigo ni kile kilichobanwa kati ya meno. Tuseme msuli unavuta umbali wa sentimita 3 kutoka kwenye bawaba. Jino lililo sentimita 6 kutoka hapo litapata nusu ya nguvu ya msuli, na jino lililo sentimita 12 litapata robo tu. Kinachopotea katika nguvu hurudi katika mwendo, kwa sababu ncha ya taya refu hukata hewa kwa kasi kuliko sehemu ya nyuma. Ndiyo maana wanyama wengi wanaodaka samaki, wa leo na wa kale, wana mataya marefu membamba, na wanaovunja kobe na konokono wana mataya mafupi manene.

Hiyo ni hesabu ya darasa la fizikia, na mtu angeweza kuishia hapo. Utamu uko kwenye urefu wa bawaba kutoka chini. Lililaze taya la mbuzi mezani, utaona kifundo chake kiko juu mno kuliko mstari wa magego. Ukipata nafasi ya kuliona taya la simba kwenye makumbusho, utaona kifundo chake kiko sawa na mstari wa meno. Tofauti hiyo ndogo inabadilisha kila kitu. Bawaba ikiwa kwenye mstari wa meno, meno hukutana kuanzia nyuma kuja mbele, kama mkasi, na nyama hukatwa. Bawaba ikinyanyuliwa juu ya mstari, magego yote hukutana kwa mara moja, kama mawe mawili ya kusagia yanavyolaliana, na majani husagwa. Kisha tazama umbo la kifundo chenyewe. Cha simba ni mche wa mviringo uliokaa ndani ya mfereji, kinazunguka juu na chini, na karibu ni hivyo tu. Cha mbuzi ni bapa, kinateleza kushoto na kulia. Mbuzi anapocheua kivulini pale, taya likienda upande mmoja, mnaitazama bawaba ikifanya kazi.

Wako wanyama waliofika huko huko kwa kupita upande wa pili. Katika machimbo ya Kindope, karibu na kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, ilipatikana mifupa mingi sana ya dinosaria mdogo aitwaye Dysalotosaurus, mla mimea aliyekimbia kwa miguu miwili. Bawaba yake imeshuka chini ya mstari wa meno badala ya kupanda juu. Kwa hesabu ni sawa: kinachotakiwa ni bawaba iondoke kwenye mstari, na meno yote yatakutana pamoja. Mamalia na dinosaria huyo hawakufundishana. Kila ukoo uliifikia kanuni ile ile kwa njia yake, na mimi kila nikilifikiria jambo hilo husikia raha ambayo ni vigumu kuieleza.

Nimeitaja Lindi, lakini nitaanzia mbali zaidi, katika bonde la mto Ruhuhu, upande wa mashariki ya Ziwa Nyasa. Mnamo 1930 mjiolojia wa serikali ya kikoloni, G. M. Stockley, alikusanya huko visukuku. Mwaka 1933 akaja F. R. Parrington wa Cambridge. Mifupa waliyoiokota ni mikongwe kuliko ya Tendaguru kwa karibu miaka milioni 100. Kati yake wamo disinodonti. Hao kwa kweli hawamo katika ukoo wa reptilia, wamo katika tawi ambalo baadaye lilizaa mamalia, kwa hiyo ni jamaa zetu wa mbali. Wengi wao walikuwa na pembe mbili tu za kushuka chini kutoka taya la juu, na wengine hawakuwa hata na hizo. Mdomo uliobaki ulifunikwa na dutu ile ya kucha na kwato, kama mdomo wa kobe.

Swali ni hili: mnyama asiye na magego anakataje jani gumu? Jibu liko kwenye bawaba. Kifundo cha fuvu kimevimba, na uso wa taya unaokipokea nao umevimba, tena ni mrefu zaidi. Uvimbe juu ya uvimbe haushikani kama bawaba ya mlango. Unateleza. Mwaka 1967 A. W. Crompton na Nicholas Hotton walichapisha uchunguzi wa disinodonti wawili wakaonyesha mwendo wake: taya lilifunguka, likasogea mbele, likafunga, kisha msuli ulioshika ubavu wa taya na kuanzia nyuma kabisa ya fuvu ukalivuta lote kurudi nyuma. Ukingo wa mdomo ulipita juu ya jani kama mtu anavyovuta nazi juu ya mbuzi ya kukunia. Na tundu lililo nyuma ya jicho, ambalo ndilo chumba cha msuli huo, limepanuka mpaka fuvu la nyuma limebaki kama fremu ya mlango. Wengi wakiliona fuvu la disinodonti kwa mara ya kwanza hudhani limevunjika. Halijavunjika. Ni nafasi ya msuli.

Katika bonde lile lile, kwenye tabaka za Manda, walilala rinkosauri. Stenaulorhynchus stockleyi aliyepewa jina na S. H. Haughton mwaka 1932 ni mmoja wao, na Stockley ndiye aliyebebwa katika jina hilo la pili. Hawa ndio reptilia hasa, na mdomo wao ni miongoni mwa midomo ya ajabu niliyowahi kuisoma. Mbele, mifupa miwili ya juu imepinda kushuka chini kama mdomo wa kasuku. Ndani, taya la juu limekuwa ubao uliojaa meno madogo mengi, na katikati ya ubao pamechimbwa mfereji. Taya la chini limechongoka kama ubapa wa kisu, na linapofunga huingia katika ule mfereji kama kisu kinavyoingia alani. Bawaba yake imeshikwa barabara, haina mchezo wa kwenda mbele na nyuma. Hapakuwa na kusaga hapo. Kulikuwa na kukata, safi, kila kipande kikibanwa pande mbili na kupasuliwa katikati.

Meno yenyewe yamegandamana na mfupa wa taya. Hayakuwa yakidondoka na kuota mengine mahali pale pale kama ya mamba. Mnyama alipokua, taya lilirefuka nyuma na meno mapya yakaongezwa huko nyuma, huku ya mbele yakilika hadi kubaki uwanda mtupu. Watafiti wa Bristol waliochunguza rinkosauri wa Devon, Uingereza, waliona kwamba katika wanyama wazee sehemu ya kukatia imechakaa vibaya, na wakafikiri huenda wazee hao walidhoofika kwa njaa. Tembo naye hupewa magego sita kwa zamu kila upande wa kila taya, na la sita likiisha hana jingine. Anayejua mwisho wa tembo mzee, anavyohamia kinamasi kutafuta majani laini, ataelewa kwa nini siwezi kulitazama taya la rinkosauri mzee kama jiwe tu.

Nipite haraka kwa Asilisaurus kongwe, aliyepewa jina mwaka 2010 kwa maneno mawili ya lugha yetu, naye ametoka Ruhuhu. Alikuwa jirani wa ukoo wa dinosaria. Ncha ya taya lake la chini imechongoka kama mdomo wa ndege, na meno yake ni mafupi kama vigingi. Nimemtaja kwa sababu wengi walizoea kudhani kwamba ndugu wa mwanzo wa dinosaria walikuwa wala nyama wote.

Sasa Rukwa. Mwaka huo huo wa 2010, Patrick O'Connor na wenzake walimtangaza mnyama kutoka bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, aliyeishi yapata miaka milioni 105 iliyopita. Wakamwita Pakasuchus kapilimai: paka kwa sababu ya fuvu lake fupi, na Kapilima kwa kumkumbuka Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pakasuchus ni wa jamii ya mamba. Ninyi mliowahi kuona mamba akila mnajua jinsi anavyoteseka: anabana, anazungusha mwili mzima ili kipande kinyofoke, kisha ananyanyua kichwa na kumeza. Meno yake yote yana umbo moja, na hayakutani jino kwa jino. Mamba ana msuli mkubwa mno wa kufunga na msuli dhaifu wa kufungua, ndiyo maana watu humfunga mdomo kwa kamba tu.

Pakasuchus alikuwa na chonge mbele na magego nyuma. Magego hasa, yenye vilima na mabonde, ya juu yakilaliana na ya chini. Fuvu lilipatikana mdomo ukiwa umefumbwa ndani ya jiwe, na kuufumbua kungevunja kila kitu. Wakalipitisha kwenye mashine ya eksirei inayopiga picha tabaka kwa tabaka, kama zile za hospitali, na magego yakaonekana yamekaa mahali pake kama yalivyofungwa siku mnyama alipokufa. Bila picha zile tungekuwa na fuvu dogo la mamba mwenye chonge, na pengine tungesema mwindaji mdogo, tukaenda zetu. Magego yale yangebaki yamefumbwa, na hoja yote iko kwenye magego. Walioandika habari zake walipendekeza kwamba katika mabara ya kusini, ambako mamalia wa wakati ule walikuwa wachache, ndugu hawa wa mamba walishika kazi ambazo kaskazini zilifanywa na mamalia wadogo. Kwangu mimi hilo ni wazo zuri, nami nalichukua kama wazo. Magego ni ushahidi.

Najua vijana wanangoja Tyrannosaurus. Sitamnyima mtu haki yake, ingawa si wa kwetu. Mifupa yake iko Marekani na Kanada. Mwaka 1996 Gregory Erickson na wenzake walichunguza nyonga ya dinosaria mwingine, Triceratops, yenye mashimo ya meno ya Tyrannosaurus. Walitengeneza jino la metali mfano wa lile, wakalikandamiza kwa mashine kwenye nyonga ya ng'ombe hadi likaacha shimo la kina kile kile. Mashine ikasoma kati ya Newton 6,410 na 13,400. Napenda jaribio hilo kuliko mengi yaliyofuata, kwa sababu limeanza na tendo lililofanyika kweli: mnyama huyu aliuma mfupa huu, siku moja, na alama ipo.

Baadaye zikaja kompyuta. Fuvu huchorwa, hugawanywa katika maelfu ya vipande vidogo, kila kipande hupewa ugumu wa mfupa, kisha misuli ya kubuni huvuta na kompyuta huonyesha mkazo unapita wapi. Njia hiyo ilitoka kwa wahandisi wa madaraja na ndege. Mwaka 2001 Emily Rayfield aliitumia kwa dinosaria Allosaurus wa Marekani akapata jambo lisilotarajiwa: misuli ya taya ilitoa nguvu ya kuuma ya Newton elfu moja au mbili hivi, lakini fuvu lingeweza kuhimili mzigo mkubwa kuliko huo mara nyingi. Kwa nini ujenge ukuta wa ngome kulinda kibanda? Akapendekeza kwamba mnyama alitumia taya la juu kama shoka, akilishusha kwa nguvu ya shingo na mwili. Wapo waliokataa, na mjadala ule ulikuwa na manufaa kwa pande zote.

Lakini tahadhari. Nguvu ya msuli hukadiriwa kwa upana wa mkato wake, na msuli umeoza. Mtafiti huujaza yeye katika lile tundu la fuvu, kwa kutazama mamba na ndege. Akiujaza zaidi, nguvu hupanda. Ndiyo maana mwaka 2012 Karl Bates na Peter Falkingham walimpa Tyrannosaurus mkubwa Newton 35,000 hadi 57,000, na mwaka 2017 Paul Gignac na Erickson wakampa 8,526 hadi 34,522. Mifupa ni ile ile. Mamba wa maji chumvi aliye hai alipopimwa kwa kifaa alifikia 16,414, na hapo hapakuwa na kukadiria. Mkisoma nguvu ya kuuma ya mnyama wa kale gazetini, ulizeni kwanza msuli uliwekwa na nani.

Turudi Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Wilhelm Sattler aliona mifupa mikubwa imechomoza ardhini Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba hapo, Werner Janensch na Edwin Hennig wakiuongoza katika miaka ya mwanzo, na mamia ya wenyeji wakifanya kazi yenyewe. Nchi ya kusini ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika Vita vya Maji Maji. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa kazi hiyo, na jicho lake lilikuwa jicho la mwanaanatomia, hata kama hakuna aliyempa cheo hicho. Jina lake limo leo katika Australodocus bohetii, lililotolewa mwaka 2007, na jina la Mohammadi Keranje, mwenzake machimboni, na la kabila la Wamwera yamo katika Wamweracaudia keranjei, la mwaka 2019. Karibu miaka mia moja ilipita kabla ya hapo.

Mkubwa wa dinosaria wa Tendaguru ni Giraffatitan, wa ukoo wa sauropodi, dinosaria wenye shingo ndefu. Mifupa yake iliyosimamishwa Berlin mwaka 1937 ina urefu wa mita 13.27 kwenda juu tangu ilipopangwa upya. Shingo peke yake ni karibu mita 8 na nusu, yenye pingili 13. Twiga ana 7. Juu ya shingo hiyo kuna kichwa ambacho mtu mmoja angeweza kukikumbatia. Meno ni mapana kama patasi, na yamelika kwenye kingo kwa sababu ya juu yalipita kati ya ya chini. Yalikata tawi. Hayakusaga. Hakuna gego hata moja katika mdomo uliolisha mwili mkubwa kuliko wa tembo mara kadhaa.

Nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa kuliona hilo kama upungufu uliohitaji kusamehewa: kwamba hakutafuna, kwa hiyo lazima alikuwa na mawe tumboni, kama firigisi ya kuku. Mwaka 2007 Oliver Wings na Martin Sander walipima mawe ya mbuni na kuyalinganisha na mawe machache yanayopatikana pamoja na sauropodi. Hayatoshi hata kidogo. Mawe hayo hayakusaga chochote cha maana. Ukiligeuza jambo lote, picha inakaa sawa. Mwenye kutafuna anahitaji magego makubwa, magego yanahitaji mataya mazito, mataya yanahitaji misuli, na misuli inahitaji fuvu la kuishika. Tembo amelipa gharama hiyo: kichwa chake ni kizito mno, kwa hiyo shingo ni fupi, kwa hiyo akaota mkonga ili afikie chakula. Sauropodi hakutafuna, kwa hiyo kichwa kilibaki chepesi, kwa hiyo shingo iliweza kurefuka, hasa kwa kuwa pingili zake zilijaa vyumba vya hewa. Kwa shingo hiyo alisimama mahali pamoja akafagia eneo ambalo mnyama mwingine angelizunguka kutwa nzima. Kusaga kulifanywa na wakati. Majani yalikaa tumboni yakichacha, siku baada ya siku.

Yalikuwa majani gani? Nyasi hazikuwapo bado. Palikuwa na misindano ya aina ya araukaria, mikangaga, na mimea ya kale yenye shina la pingili pingili. Jürgen Hummel na wenzake, mwaka 2008, walichukua jamaa wa mimea hiyo walio hai leo wakawaweka katika majimaji ya tumbo la mnyama anayecheua, wakapima gesi inayotoka. Araukaria ilianza polepole sana, lakini ilipoachwa kwa siku tatu ikatoa nishati nyingi. Mtu aliyewahi kupika makande anaelewa: lisilosagwa hutaka moto mrefu.

Jirani wa Giraffatitan, Dicraeosaurus, alikuwa na shingo fupi ya pingili 12 na meno membamba kama kalamu, yamejipanga mbele ya mdomo tu. Alilisha chini, akichana. Meno membamba huisha upesi. Kwa Diplodocus wa Marekani, ndugu wa ukoo huo, Michael D'Emic na wenzake walihesabu mistari ya ukuaji wa kila siku ndani ya meno wakaona kila mahali pa jino palipata jino jipya kwa siku 35 hivi. Mbuzi wangu alipewa magego ya ukubwani mara moja tu, ayatunze hadi kisu.

Na sasa mnyama ninayemaliza naye. Tendaguru ilitoa dinosaria mwepesi wa miguu miwili, urefu wa mita 6 hivi, aliyepewa na Janensch jina Elaphrosaurus bambergi mwaka 1920. Shingo ipo, mgongo upo, miguu ipo. Kichwa hakijapatikana, wala jino lenye kuthibitika kuwa lake. Kwa miongo mingi aliandikwa kuwa mla nyama, kwa sababu ukoo wake wa theropodi ni wa wala nyama, na katika picha alichorwa akikimbiza wadogo. Mwaka 2009 China ikatoa jamaa yake, Limusaurus, na mwaka 2017 watafiti wakachunguza mifupa ya wanyama 19 wa umri mbalimbali. Watoto wana meno. Wakubwa hawana hata moja, wana mdomo kama wa ndege, na tumboni mwao kuna mawe. Mwaka 2016 Oliver Rauhut na Matthew Carrano walikuwa wameishaipitia upya mifupa ya Elaphrosaurus na kumweka karibu na Limusaurus. Basi huenda mkimbiza wadogo wetu alikuwa mla majani.

Berlin wamemsimamisha akiwa na kichwa cha kufinyanga. Kichwa chake chenyewe kilibomoka kabla ya kuzikwa, au bado kimelala katika udongo wa Lindi. Moja ya sehemu ngumu katika fuvu kama lile ni ile bawaba, mfupa mnene usiozidi yai la kuku, wenye uso laini wa vifundo viwili. Hauvutii macho. Mchimbaji anayetafuta meno ataupita. Kwa hiyo ninyi mtakaopita Tendaguru, mvua ikiwa imeosha miteremko, mkikutana na kitu kama hicho kimechomoza, msikichimbe na msikihamishe. Pigeni picha, wekeni alama mahali, toeni habari kwa watu wa Mambo ya Kale, na mwandike kilikuwa kimelala kikielekea upande gani.